Sahihi ya Msanii Haipigi Besi

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayeyapata maelezo haya gazetini, wiki hii nataka tuzungumze juu ya gitaa la besi. Najua wapo watakaosema kwamba bei ya pamba, mvua na barabara ni mambo makubwa kuliko gitaa. Ni kweli. Lakini huku kwetu, kuanzia Shinyanga mjini hadi Kahama, na kuanzia Katoro hadi Geita, haipiti Jumapili bila besi kunguruma mahali fulani, iwe kanisani, ukumbini au harusini. Na sehemu kubwa ya besi hizo zimenunuliwa kwa fedha za michango. Yupo mama aliyetoa debe la mpunga, yupo kijana aliyetoa sehemu ya ujira wake wa mgodini, na yupo mzee aliyeuza mbuzi. Jambo linalogusa fedha za watu wengi namna hiyo linastahili kuzungumzwa.

Msikilizaji mmoja wa Katoro ameniandikia akieleza mvutano ulioingia katika kwaya yao. Walikuwa wamechanga fedha za kununulia besi mpya. Dukani walionyeshwa mbili. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, ya kawaida. Ya pili ilikuwa ya buluu inayofanana na sare zao, na kichwani ilikuwa na sahihi ya mpiga besi maarufu wa Marekani. Bei ya ile ya pili ilizidi ya kwanza kwa karibu nusu. Vijana wakataka ya sahihi, mweka hazina akataka nyeusi. Msikilizaji huyo anauliza: je, ni haki watengenezaji wa vyombo vya muziki kutuuzia majina ya wasanii na rangi za kuchagua, au ni njia tu ya kutupunguzia fedha mfukoni?

Swali ni zuri, na jibu lake si la neno moja. Hebu tulitazame kwa utaratibu, tukianzia kwenye asili ya chombo chenyewe.

Kabla ya miaka ya 1950, besi katika bendi lilikuwa kubwa, la kusimama, lenye kimo cha mtu, linalopigwa likiwa limeegemezwa mwilini. Kulibeba ilikuwa adha, na mbele ya tarumbeta na ngoma sauti yake ilimezwa. Mwaka 1951 fundi redio mmoja wa mji wa Fullerton, California, jina lake Leo Fender, alitoa gitaa la besi la umeme aliloliita Precision Bass. Lilikuwa la ubao mtupu usio na tumbo la wazi, lenye nyuzi nne na vyuma vidogo kwenye shingo vya kumsaidia mpigaji kupata noti sahihi. Urefu wa uzi unaotoa sauti ulikuwa inchi 34, yaani kama sentimeta 86, na kipimo hicho ndicho kinachotumiwa na besi nyingi hadi leo. Jambo la kuzingatia ni kwamba Bwana Fender mwenyewe hakuwa mpiga gitaa. Alikuwa fundi, naye alijifunza mahitaji ya wapigaji kwa kuwasikiliza.

Sauti ya besi ya umeme hupatikanaje? Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba, mkondo mdogo wa umeme huzaliwa ndani ya waya ule. Mkondo huo hupita kwenye vifundo vya kuongezea na kupunguzia sauti, ukaenda kwenye amplifaya, kisha kwenye spika. Kwa hiyo mambo yanayotawala sauti ni nyuzi, sumaku na waya wake, unyoofu wa shingo, uimara wa mbao, na kwanza kabisa vidole vya mpigaji. Rangi iliyopakwa juu ya ubao si mojawapo ya mambo makubwa katika orodha hiyo. Naomba hilo tulishike, kwa sababu ndipo hesabu yetu inapoanzia.

Sasa rangi ziliingiaje? Mwanzoni kampuni ya Fender ilitoa vyombo vyake kwa rangi chache za kawaida. Kuanzia katikati ya miaka ya 1950 mteja aliyetaka rangi yake mwenyewe aliweza kuiagiza kwa kulipa nyongeza ya asilimia 5, na kufikia mwaka 1960 hivi kampuni ikawa na karatasi iliyochapishwa ya kuchagulia rangi. Rangi zenyewe hazikubuniwa kwa ajili ya muziki. Zilikuwa rangi za magari za kampuni ya DuPont, zile zile zilizopakwa kwenye magari ya Ford na Cadillac ya wakati ule. Maana yake ni kwamba jambo lile lililoonekana kuwa la kifahari lilikuwa kazi ambayo fundi rangi wa gereji pale Kahama anaifahamu vizuri. Tofauti ni uangalifu, unene wa rangi na muda wa kukausha.

Majina ya wasanii nayo yana historia yake. Mwaka 1952 kampuni ya Gibson ilitoa gitaa lenye jina la Les Paul, mpigaji aliyekuwa na sifa kubwa Marekani. Gitaa hilo lilipakwa rangi ya dhahabu. Ninyi wasikilizaji wa Nyarugusu na Geita mtapenda kusikia kwamba haikuwa dhahabu hata chembe. Ilikuwa unga wa shaba nyeusi uliochanganywa ndani ya vanishi. Mahali ambapo mkono wa mpigaji uliegemea kwa miaka, vanishi ilipolika na jasho kuingia, rangi ile iligeuka kijani. Hata hivyo magitaa hayo ya miaka ya 1950 leo yanatafutwa kwa bei kubwa sana, kwa sababu yalitengenezwa vizuri. Dhahabu yake ilikuwa ya uongo, lakini kazi ya mbao na waya ilikuwa ya kweli.

Baada ya hapo desturi ya majina ikaenea. Fender yenyewe ilichelewa. Gitaa lake la kwanza la sahihi lilikuwa la Eric Clapton, lililotolewa mwaka 1988. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zikafuata besi zenye majina ya wapigaji kama Marcus Miller na Geddy Lee. Leo kampuni nyingi, kubwa kwa ndogo, zina orodha ya wasanii wao.

Lakini upo mfano unaokwenda kinyume. Mwaka 1961 kijana mmoja Mwingereza, Paul McCartney, alinunua mjini Hamburg, Ujerumani, besi ya kampuni ya Höfner yenye umbo la fidla. Haikuwa na jina la mtu yeyote. Aliipenda kwa sababu ilikuwa ya bei nafuu, na kwa sababu umbo lake liko sawa pande zote mbili, hivyo kwake yeye anayepiga kwa mkono wa kushoto haikuonekana imegeuzwa juu chini. Kwa besi hiyo alirekodi nyimbo za mwanzo za Beatles. Iliibwa mwaka 1972, na habari za kupatikana kwake zikatangazwa mwezi Februari 2024, zaidi ya miaka 50 baadaye. Dunia nzima ilishangilia. Hapo tunaona kwamba chombo kilipewa thamani na aliyekipiga, baada ya kukipiga. Hakuna kibandiko kilichohitajika.

Ndugu wasikilizaji, kutokana na mifano hiyo naona kwamba majina kwenye vyombo yako ya aina mbili, na lazima tuyatenganishe.

Aina ya kwanza ni jina lenye kazi ndani yake. Marcus Miller, kwa mfano, alikuwa na besi yake ya mwaka 1977 aliyoifanyia mabadiliko ya ndani ili kupata sauti aliyoitaka, na besi iliyotolewa kwa jina lake ilifuata mabadiliko hayo. Kuanzia mwaka 2015 jina lake limewekwa pia kwenye besi za kampuni ya Sire, zinazotengenezwa Indonesia na kuuzwa kwa bei ambayo mwanafunzi anaweza kuifikiria. Hapo jina la msanii limemfaidia mnunuzi, kwa kuwa mtu anayeijua kazi amesema chombo kiweje, na bei haikuruka angani. Mfano mwingine wa kutupa moyo ni Richard Bona, mzaliwa wa Kamerun. Utotoni, kwa kukosa fedha, alijitengenezea vyombo vyake mwenyewe, pamoja na gitaa lililotumia tangi kuukuu la pikipiki. Leo kampuni ya Markbass ya Italia imetoa besi yenye jina lake. Mtoto wa Kiafrika akiona jina hilo dukani anajua kwamba njia ipo.

Aina ya pili ni jina lisilobadilisha kitu. Besi ni ile ile, mbao ni zile zile, sumaku ni zile zile, ila kichwani pameongezwa sahihi na kwenye bei pameongezwa tarakimu. Sehemu ya nyongeza hiyo inaweza kuwa malipo ya msanii, nyingine ni ya matangazo, na nyingine ni faida ya kampuni na ya muuza duka. Hiyo si dhambi. Ni biashara kama ya jezi. Mshabiki wa Stand United au wa Geita Gold anaponunua jezi yenye jina la mchezaji, anajua kwamba jezi haitamfundisha kufunga bao. Ananunua furaha yake, na ni haki yake kwa fedha zake. Tatizo huanza anapoinunua kwa fedha za kwaya, huku akiwaeleza wenzake kwamba ananunua sauti.

Kwa nini jambo hili halikuwasumbua wanamuziki wetu wa zamani? Sababu yake ni muhimu. Katika nchi yetu, kwa muda mrefu mpigaji hakuwa mwenye chombo. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilianzishwa mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ndipo ikaitwa DDC Mlimani Park. Vyombo vilikuwa vya mwajiri. Mwanamuziki akihama alibeba sauti yake na vidole vyake, lakini besi aliiacha jukwaani. Mwaka 1985 wanamuziki kadhaa wa Mlimani Park walipohamia International Orchestra Safari Sound ya Bwana Hugo Kisima, mojawapo ya vivutio ilikuwa kupata mazingira na vyombo vizuri zaidi. Katika miaka ile ya uhaba wa fedha za kigeni, kupata besi yoyote kulikuwa bahati. Nani angeuliza rangi? Wapigaji kama marehemu Suleiman Mwanyiro, ambaye mashabiki walimpa jina la utani la Computer, walijulikana kwa vidole vyao katika bendi za Dar es Salaam, si kwa majina yaliyoandikwa kwenye vyombo.

Hali imebadilika. Leo besi inaweza kumilikiwa na kijana mmoja mmoja anayezunguka kwenye makanisa na bendi za harusi, au na kwaya. Kanda yetu ina kwaya zenye sifa nchi nzima. Mtaje AIC Shinyanga, mtaje AIC Makongoro ya Mwanza, na wengi watakuwa na wimbo wao kichwani. Nyuma ya nyimbo hizo ipo besi, na ipo pia tamaa ya vijana ya kuwa na chombo chenye kupendeza. Tamaa hiyo siilaumu. Shinyanga ni mji uliopata sifa kwa baiskeli, na anayezikumbuka baiskeli zetu anakumbuka jinsi zilivyopambwa kwa utepe kwenye spoku, maandishi kwenye madigadi na kitambaa kwenye tandiko. Mwenye Phoenix hakutaka ifanane na ya jirani. Mtu kutaka kitu chake kiwe na alama yake si ulimbukeni wa kigeni.

Tena kutafuta jina ni jambo la kale Usukumani. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vinatokana na ushindani wa manju wawili wa zamani, Ngika na Gumha, na hadi leo wacheza ngoma wanajitambulisha kwa pande hizo. Jina lilivuta watu. Lakini kila msimu, baada ya mavuno, pande mbili zilipokutana uwanjani, jina halikutosha. Watu walikwenda kwenye upande uliowafurahisha siku hiyo. Manju aliyelala kwenye sifa za mwaka jana alibaki na wapiga ngoma wake peke yao. Naona hicho ndicho kipimo cha haki hata kwa jina lililo kichwani mwa gitaa.

Sasa tuje kwenye maagizo maalumu, maana si yote ni ya urembo. Kuna mambo ambayo mpigaji anayahitaji kweli. Mtu wa mkono wa kushoto anahitaji besi ya mkono wa kushoto, la sivyo atalazimika kugeuza chombo na kubadili mpangilio wa nyuzi, na vifundo vitakuwa mahali pa kumkera. Kijana au dada mwenye mikono mifupi atafaidika na besi fupi, yenye uzi wa inchi 30 hivi, yaani sentimeta 76. Anayepiga akiwa amesimama saa nne za mkesha anahitaji chombo chepesi. Anayepiga nyimbo zenye noti za chini sana atahitaji uzi wa tano. Watengenezaji na wauzaji wakiwa na nguvu ya kutoa aina nyingi, ningependa nguvu hiyo ianzie hapo. Rangi ni hiari ya mtu, lakini mkono aliozaliwa nao hakuuchagua. Dukani kwetu utakuta rangi tano za besi moja, zote za mkono wa kulia. Huo si uchaguzi kamili.

Upande wa mtengenezaji nao tuusikilize. Kila rangi inayoongezwa ni mzigo wa ziada ghalani, na fedha zake zimelala mpaka mnunuzi apatikane. Fundi mdogo akitengeneza besi ishirini kwa rangi kumi, huenda nyekundu zikaisha wiki moja na za kijani zikakaa mwaka mzima. Gharama ya zile zilizolala itatafutiwa mahali, nayo itaingia kwenye bei ya zote. Ndiyo maana ule utaratibu wa zamani wa rangi za kawaida kwa bei ya kawaida, na rangi ya kuchagua kwa nyongeza inayojulikana, ulikuwa wa haki. Anayetaka analipa, asiyetaka hamlipii mwenzake. Hali kadhalika jina la msanii. Msanii anaweza kufariki, anaweza kuingia katika kashfa, au mkataba wake unaweza kwisha. Hata kwa Les Paul, jina lake liliondolewa kwenye magitaa ya Gibson mwanzoni mwa miaka ya 1960, likarudishwa mwaka 1968. Mtengenezaji aliyejenga sifa yake yote juu ya jina la mtu mwingine amejenga kwenye kiwanja cha kupanga.

Ipo hatari nyingine ambayo huku kwetu ni kubwa kuliko zote, nayo ni sahihi za bandia. Kuandika jina kwenye kichwa cha gitaa ni kazi ya dakika chache kwa mwenye mashine ya vibandiko. Chombo duni huvishwa jina kubwa, na mnunuzi aliyetoka mbali na fedha za wenzake mkononi hana wa kumuuliza. Tujue sheria inasemaje. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya msanii, kama wimbo na rekodi. Jina na nembo ya biashara vinalindwa kwa njia nyingine, yaani kusajili alama ya biashara chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, na usajili huo hufanywa BRELA. Bidhaa bandia ni kazi ya Tume ya Ushindani. Kwa hiyo msanii wetu yeyote anayefikiria kuweka jina lake kwenye chombo asidhani kwamba kwa kuwa nyimbo zake zina ulinzi, basi na jina lake linauzwa kwa ulinzi huo huo. Asajili kwanza, aandikiane mkataba unaotaja kila chombo kimlipe kiasi gani na kwa muda gani, ndipo apige picha ya tangazo.

Watu wa Geita wana somo wanaloweza kutufundisha. Tangu mwaka 2019 wana soko la madini ambapo mchimbaji mdogo anafikisha dhahabu yake, inapimwa ubora wake, inawekwa kwenye mizani, na bei inafuata vipimo. Hakuna anayeuliza gramu ile imechimbwa na mtu maarufu gani. Nashauri tununue besi kwa moyo huo huo wa sokoni. Mnunuzi aende na mpigaji anayeijua kazi. Kwanza atazame shingo kwa kuilenga kama anavyolenga ubao anaponunua mbao, aone kama imepinda. Aulize kama ndani ya shingo mna chuma cha kurekebishia, maana kiangazi chetu na masika yetu huvuta mbao huku na huku. Apige kila uzi kwenye kila hatua, asikilize kama kuna mahali panapokwaruza. Akaze nyuzi, asubiri, apige tena aone kama zimelegea. Achomeke waya, azungushe vifundo, asikilize kama vinakoroma. Avae mkanda na kusimama nayo robo saa. Akishamaliza hayo yote, ndipo atazame rangi na asome jina. Ikiwa besi mbili zimelingana kwa vipimo hivyo, na tofauti ya bei ni ndogo, basi achukue ile inayomfurahisha. Chombo kinachompendeza mpigaji huchukuliwa mara nyingi zaidi kwa mazoezi, na hiyo nayo ni faida.

Na wale wanaotaka besi ifanane na sare za kwaya, dawa ipo na ni rahisi. Nunueni nyeusi nzuri, kisha mumtafute fundi rangi mwangalifu. Afungue nyuzi, sumaku na vifundo vyote kabla ya kupuliza. Asiguse shingo, na asifunike ufa kwa kupaka lami ya bodi kama anayeficha ajali ya gari. Gharama yake haitafikia ile nyongeza ya dukani, na fedha zitabaki hapa hapa Kahama au Geita.

Kabla sijamaliza, naomba niseme neno juu ya mafundi wetu wenyewe. Tunazungumza sana juu ya jina la mpigaji, lakini jina la fundi je? Fundi mmoja wa zeze, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Shinyanga, aliniambia kwamba hachagui kibuyu mpaka amemsikia anayelitaka zeze akiimba, kwani sauti nene na sauti nyembamba hazitaki kibuyu kimoja. Hayo ni maagizo maalumu kuliko rangi yoyote ya dukani. Lakini zeze lake likifika kwenye maduka ya vinyago mjini, huuzwa kama zeze la Kisukuma tu. Jina lake halipo. Kwenye makumbusho ya Bujora, pale Kisesa, palipoanzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, zimehifadhiwa ngoma za watemi wa Usukuma. Tunaambiwa ngoma hizi ni za utawala gani, na hilo ni jambo la heshima. Ni mara chache sana tunaambiwa mikono iliyozichonga ilikuwa ya nani.

Na ngoma huanza na mti. Ngoma kubwa inayochongwa kutoka gogo moja hutaka mti uliokua miaka mingi, na mkoa wetu ulikuwa umebaki karibu mtupu kwa kufyeka misitu ili kuua mbung'o, kwa kilimo cha pamba na kwa wingi wa mifugo. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ulianza mwaka 1986 kwa kurudia desturi ya wazee ya kutenga ngitili. Kazi yake ikatambuliwa kimataifa kwa tuzo ya Equator mwaka 2002, na zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa uoto. Fundi anayesubiri gogo analifahamu jambo hilo kuliko sisi. Anaweza kubadili rangi ya ngoma kwa siku moja, lakini mti hauagizwi kwa nyongeza ya asilimia 5.

Kwa hiyo jibu langu kwa msikilizaji wa Katoro ni hili. Watengenezaji wana haki ya kutoa besi zenye majina ya wasanii na rangi za kuchagua, ila kwa masharti matatu. Sharti la kwanza ni kwamba jina liwe na kazi ndani yake, na mtengenezaji aeleze wazi msanii amebadilisha nini kwenye chombo hicho. Kama hajabadilisha kitu, aseme hivyo. La pili, nyongeza ya bei ijulikane, na chombo kizuri cha kawaida kiendelee kuwapo kwa asiyehitaji urembo, pamoja na chombo cha mkono wa kushoto kwa anayekihitaji. La tatu, msanii alipwe kwa mkataba, na fundi aandike jina lake mwenyewe mahali linapoonekana. Fundi wetu wa zeze naye aanze leo. Kisu kidogo chenye moto kinatosha kuandika jina lake na la kijiji chake nyuma ya mti wa zeze. Mnunuzi wa pili akilipenda, atajua pa kwenda.

Na kwa kwaya ile, mweka hazina ana hoja na vijana wana hoja. Lakini fedha za debe la mpunga na za mbuzi wa mzee zina mwenyewe, naye anataka kusikia besi Jumapili. Kutoka kiti cha nyuma kanisani, sahihi haisomeki.